Bidoni Niliyopeleka Kwenye Somo la Hidrojeni

Harufu ya asidi ya betri ya gari hukwaruza koo, na kila ninapoinusa hasira hunipanda. Hunirudisha darasani kwetu Mulongwe, mwaka ule wa vita ambao mabomba ya mtaa yalikauka kabisa, mama zetu wakawa wanachota ziwani, kwenye kipindupindu. Mdogo wangu Neema alikuwa amelala nyumbani, midomo imepasuka kwa kiu, na mama hakuwa na maji mengine ya kumpa ila hayo hayo yaliyomlaza.

Ndipo mwalimu wetu wa kemia akatuambia kwamba kesho yake angetengeneza gesi ya hidrojeni. Jina hilo, alisema, Mfaransa mmoja alilitunga kwa maneno ya Kigiriki: kinachozaa maji. Mimi nilishika neno moja tu, kuzaa. Asubuhi nikaenda shuleni na bidoni yetu ya njano ya lita ishirini, bidoni pekee tuliyokuwa nayo. Wenzangu saba nao walileta zao.

"Weye, bidoni ni ya nini?" mwalimu akaniuliza.

"Minye nataka maji ya Neema, Mwalimu. Ile yenye iko inazaliwa."

Hakucheka. Alitia ndani ya asidi ya betri ya gari vipande vya zinki alivyobandua kwenye betri kuukuu za tochi, akakinga gesi kwa chupa iliyofudikizwa, kisha akawasha kiberiti. Pa! Ndani ya chupa ukabaki ukungu usiotosha kulowesha hata ulimi wa kifaranga. "Maji ndiyo hayo," alisema kwa upole, nami nikamchukia. Kabla sijalia, mlango ukapigwa teke.

"Nani iko anapiga masasi humu?"

Walikuwa askari watatu, waliodhani mlio ule ni wa risasi. Mwalimu aliwaonyesha chupa, wakaivunja kichwani pake. Walipotoka walibeba bidoni zetu zote nane. Watu husema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi gani? Tulikuwa watoto wenye kiu! Mama akaendelea kuchota ziwani kwa sufuria, na Neema hakufika Jumapili. Niliwalaani askari wale. Dua la kuku halimpati mwewe, najua, lakini sijaacha.

Leo vitabu vya kemia ni vipya, na bomba la mtaa wetu bado linakohoa upepo. Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni akinieleza kwa furaha maana ya jina la hidrojeni, kisha akauliza kama kesho abebe bidoni. Nilimwambia aibebe. Lakini hatutaipeleka kwa mwalimu. Tutaipeleka pamoja, tupu hivyo hivyo, tuiweke mezani kwa wale viongozi wanaotuahidi maji kila mwaka, na hatutaondoka.