Mabawa Yangu Yaliliwa Nikiwa Nimeyavaa

Naanza kwa kukubali, ili nisipoteze muda wa mtu: ndiyo, ni mimi. Yule mama aliyesimama katikati ya uwanja wa Garsen Jumatatu ya Pasaka, kanzu nyeupe hadi miguuni, mikono ameinyoosha, huku ng'ombe wanamtafuna mgongoni, ni mimi, na nyinyi mnaonihadithia kisa hicho sokoni kana kwamba sikuwepo (juzi kijana wa bodaboda alinisimulia mimi mwenyewe, tena akaongeza ngamia) naomba nikieleze mara moja, kwa utaratibu, halafu mcheke mkiwa na habari kamili.

Kanisani kwetu Minjila mimi ndiye mpishi wa chai. Hakuna aliyenichagua. Siku moja, miaka mingi iliyopita, niliinua sufuria kwa sababu hakuna mwingine aliyeinuka, na tangu hapo kila baada ya ibada, kila zoezi la kwaya, kila kikao, watu wakimaliza kuimba wanageuka kunitazama mimi. Sasa, kila Pasaka makanisa ya huku kwetu hukutana Garsen na kila moja huonyesha igizo, na sisi huonyesha kaburi tupu, na malaika wa kaburini siku zote huwa ni msichana mwembamba, amevaa mabawa yaliyonunuliwa Mombasa, ya neti na vitu vya kumetameta. Nimeyatazama mabawa hayo kwa miaka kutoka nyuma ya sufuria. Ni mabawa ya kipepeo.

Basi mwaka huu, kwenye kikao cha kamati, nikanyoosha mkono. Nikasema malaika yule alivingirisha jiwe kubwa peke yake na askari walipomwona wakaanguka kama wafu, sasa niambieni, ni askari gani ataanguka kwa kumwona Neema? (Neema ana miaka kumi na sita na akipigwa na upepo anashika ukuta.) Malaika huyu anahitaji mtu mwenye mwili. Mimi mwili ninao.

Mwenyekiti wa kamati ni Roda, dada wa mume wangu. Akaniangalia kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Na wewe wifi, wakikuona wataanguka kwa nini? Kwa kicheko?"

Watu wakacheka, pasta akakohoa. Nikasema nipeni muda nitengeneze mabawa yangu mwenyewe, mabawa ya kweli, yanayofunguka na kujifunga. Roda akaona hapo ndipo pa kunimaliza. Akasema mbele ya wote: "Sawa. Yakifunguka na kujifunga mbele ya watu Garsen, nafasi ya malaika ni yako kila Pasaka na hatutakuuliza umri. Ukituaibisha, Mama Jilo, unarudi kwenye sufuria yako, na maneno ya jukwaa tusiyasikie tena mpaka uzeeke." Nikasema nimekubali. Nina miaka arobaini na tisa, na nilijua hakuna mtu angeniuliza tena mara ya pili.

Mimi shuleni sikufika mbali, lakini nimejifunza mambo kwa kuyafumua. Kushona nilijifunza kwa kufumua gauni langu zuri kuliko yote (halikurudi kuwa gauni, lakini somo nililipata). Kwa hiyo mabawa nayo niliyasoma. Yangeyange, wale ndege weupe, hawakosekani huku, kila penye ng'ombe yuko mmoja mweupe amempanda mgongoni, nami nikawa nakaa kwenye tuta la shamba asubuhi nikiwatazama wanavyokunjua bawa: bega kwanza, kisha kiwiko, kisha ile ncha, na manyoya yamelaliana kama makuti ya paa, la juu linafunika la chini. Nawaomba mwone jambo hapa kabla sijaliona mimi. Kila siku nilikuwa natazama ndege akiwa juu ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe sikumfikiria hata kidogo.

Mifupa ya mabawa niliifanya kwa vijiti vya makuti, maungio nikayafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili yavutike, na kamba ya kushonea nyavu nikaipitisha hadi kidoleni, ukivuta yanafunguka, ukiachia tyubu inayarudisha. Yalifanya kazi mara ya kwanza. Mara ya pili yaliangusha sufuria ya ugali ya Kadzo, jirani yangu, Mgiriama mmoja mvumilivu sana ambaye uwanja wake ni mpana kuliko wangu.

Ikabaki manyoya. Kitambaa kilikuwa kizito. Kuua ndege sikutaka. Nikachukua mabua ya mpunga, mepesi, marefu, rangi yake nzuri ya dhahabu iliyopauka, lakini yakikauka yanakatika ukiyakunja. Nikajaribu, kama ninavyojaribu kila kitu. Fungu la kwanza nililoweka kwa maji matupu, likaota ukungu. La pili kwa maji ya majivu, likageuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. La tatu nililoweka kwa maji ya chumvi, na hilo likatoka laini, linakunjika, linang'aa, mdudu halisogelei. Nikafurahi kupita kiasi. Nikaloweka yote, na chumvi nikaongeza kwa usalama. Kisha nikayabandika safu kwa safu kwa gundi ya unga wa ngano, ile ya kupika jikoni.

Kadzo aliyanusa. "Mama Jilo, hii kitu inanukia kama chakula."

"Inanukia kama kazi," nikamjibu.

Nyasi, chumvi, unga. Ningemtajia mfugaji yeyote vitu hivyo vitatu angeniambia bila kufikiri kwamba hicho ni chakula cha ng'ombe. Tena mvua ilikuwa imechelewa, malisho ya juu yote yamekwisha, na Waorma, wafugaji wa huku, walikuwa wameshusha mifugo yao mtoni kama wanavyofanya kila mwaka wa namna hiyo. Nililijua hilo. Vumbi lao nilikuwa nalifuta kwenye madirisha kila siku.

Siku ikafika. Kaburi letu lilikuwa la fito na magunia tuliyoyapaka udongo, limeachwa wazi kwa nyuma ili mimi niingie, na jiwe lilikuwa tairi la trekta tulilolifunika magunia vilevile (Neema asingelitikisa hata kidogo, naomba hilo likumbukwe). Nyuma ya kaburi hapakuwa na mtu, ila njia pana ya kushukia mtoni. Kadzo akanifunga mabawa kwa leso zake mbili, akakaza mafundo mgongoni mahali ambapo mkono wangu haufiki, akaniambia, "Yako imara kabisa, hata shetani hawezi kuyatoa," akaenda mbele kutafuta pa kukaa.

Nikasimama ndani ya kaburi nikingoja ngoma. Nilisikia watu wametulia. Nilisikia wanawake wetu wa igizo wakija na mafuta yao, wanalia vizuri. Mara nikahisi mtu ananivuta bawa la kushoto.

"Kadzo, acha. Yamekaa."

Akavuta tena.

"Kadzo, mama, nimesema inatosha."

Hapo ikanijia pumzi ya moto shingoni, pana, yenye unyevu, na Kadzo hapumui hivyo. Nikageuza kichwa. Alikuwa ng'ombe mweupe mwenye pembe ndefu, macho mapole kabisa, na mdomoni ana safu nzima ya manyoya yangu, anasaga. Nyuma yake walikuwepo wenzake, wamejipanga kama watu wa kliniki.

Ngoma ikalia.

Ningeweza kubaki mle ndani. Nimelifikiria hilo mara nyingi na kila mara nafika kulekule: ningebaki, ningekuwa mama wa chai aliyejificha. Nikasukuma tairi. Ng'ombe naye, kwa kuwa chakula chake kinaondoka, akanisukuma mimi, na jiwe likaenda kwa kasi ambayo hatukuifanyia mazoezi, likampitia mguuni askari wa kwanza, aliyetakiwa kuanguka kama mfu, naye akaruka juu kama aliyefufuka kabla ya zamu. Askari wengine waliona malaika anatoka kaburini na nyuma yake pembe, wakatupa mikuki wakakimbia. Walikimbia kwa hofu ya kweli. Miaka yote ya Neema hakuna askari aliyekimbia.

Na mimi nikainua kanzu nikimbie. Ndipo nikasikia sauti ya mzee kutoka upande wa mtoni, "Mama! Simama! Usikimbie!"

"Wananila!"

"Hawakuli wewe, wanakula nyasi! Ukikimbia, hawa iko nyuma yako, na mbele iko watoto!"

Alikuwa Mzee Guyo, mwenye ng'ombe, anakuja mbio na fimbo yake mabegani. Nikatazama mbele. Watoto walikuwa wamekaa chini, mstari wa kwanza, miguu imenyooshwa. Nikasimama.

Na kwa kuwa nilikuwa nimesimama, mbele ya umati wote, na Roda yuko kiti cha mbele, nikavuta kamba. Mabawa yakafunguka. Yalifunguka vizuri, upana wake wote, bega, kiwiko, ncha, na watu wakasema "aaah!" kwa pamoja, na sauti hiyo hakuna atakayeninyang'anya. Ni kweli kwamba kwa ng'ombe ilikuwa kama nimewatandikia mkeka waje wengi zaidi. Wakaja pande zote mbili. Nikasema maneno yangu, kwamba wanawake wasiogope, kwamba wanayemtafuta hayumo, kila sentensi navutwa nyuma hatua moja, nami kila sentensi narudi mbele hatua moja, na kutoka nyuma vijana wakaanza kupiga kelele, "Yangeyange! Yangeyange!" na uwanja ukaanguka kwa kicheko.

Kicheko kilikatika ghafla. Vijana wetu watatu walikuwa wameokota fimbo. "Ng'ombe wao tena!" mmoja akasema. "Jana mashamba, leo kanisa!" Na kijana wa Mzee Guyo naye akashusha fimbo yake begani, akaishika kwa mikono miwili. Nyinyi mnaoishi huku mnajua siku ambayo wakulima na wafugaji wanainuliana fimbo inavyoweza kwisha.

Roda akanitazama. Nami nikaona, waziwazi kama nilivyoona bawa la yangeyange, kwamba hapo palikuwa na mlango wangu. Ningenyamaza tu. Ingeandikwa katika vichwa vya watu kwamba mabawa ya Mama Jilo yalikuwa mazuri ila yalivamiwa, nisingekuwa na kosa, kanisa lote lingekuwa upande wangu, na nafasi ingebaki yangu.

"Wekeni fimbo chini," nikasema. Nilisema kwa sauti ya malaika kwa sababu nilikuwa bado sijatoka kwenye nafasi hiyo. "Nyasi hizi nimeziloweka chumvi mimi mwenyewe. Gundi yake ni unga. Ng'ombe yeyote mwenye akili timamu angekula, hata wa pasta."

Mzee Guyo akasogea.

"Chumvi?"

"Chumvi."

"Mama," akasema, na uso wake ulikuwa wa huzuni kabisa, "mimi mwezi mzima natafutia hawa chumvi, na wewe umevaa?"

Kijana wake ndiye aliyecheka kwanza, kisha mmoja wa vijana wetu, kisha hakuna aliyeweza kushika fimbo. Kadzo akaja na kisu cha mboga akazikata leso zake mbili mpya (hajanisamehe, na ana haki), mabawa yakaanguka, na ng'ombe wakayamaliza pale chini taratibu hadi vikabaki vijiti na tyubu. Mzee Guyo akanishukuru. Sijui kwa nini, lakini nilimwambia karibu.

Roda alinipata nikivua kanzu. "Umesema mwenyewe mbele ya watu, wifi. Kosa ni lako. Jumapili uko jikoni."

Jumapili ibada ikaisha. Watu wakageuka kunitazama. Nikakaa kwenye benchi la mbele, mikono mapajani. Mtoto mmoja akauliza chai iko wapi.

"Wifi," Roda akasema, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana yafunguke na kujifunga. Yalifunguka?"

"Yalifunguka."

"Yalijifunga?"

"Yalijifungaje na yameliwa!"

"Basi nusu nilitimiza, nusu sikutimiza. Nami nakubali nusu ya adhabu. Chai nitakunywa, kupika sitapika."

Pasta aliinamisha kichwa kama anayeomba, mabega yanatikisika. Roda alingoja mtu mwingine ainuke. Hakuinuka mtu. Mwisho akafunga leso kiunoni akaenda kuinua sufuria yeye, na ile chai ilikuwa kama maji ya kuoshea vikombe, nami niliinywa yote nikamnyooshea kikombe aongeze.

Neema amekataa kuwa malaika. Anasema anataka kuwa askari, maana askari ndio walipata kukimbia. Nafasi iko wazi, na jina langu nimelitaja mwenyewe, kwa sauti, kwenye kikao kilichofuata. Kama ni somo mnalotaka, somo ni kwamba chumvi sitatia tena, hiyo naapa. Mengine yote nitayarudia. Na nikiliwa tena, nitasimama vilevile.