Aliyepima Sebule kwa Viti vya Kanisa

Jumanne nilipigiwa simu kwamba yule mama Mkongo wa hapa kwetu Fridley, huku ughaibuni, niliyewahi kumsema vibaya hapa hapa kwenye safu yangu ya gazeti, ametutoka. Amefia nyumbani kwake, kitandani kwake, binti zake wakiwa pembeni. Nililia, kisha nikashusha pumzi. Kuna wakati niliamini mama huyu angemalizia siku zake kwenye chumba cha kupanga huko Anoka, mbali na kila amjuaye.

Magorofa yetu ya zamani yalikuwa yabomolewe, na kampuni moja ikaleta ramani ya jengo jipya: orofa sita, vyumba vidogo vidogo. Wapangaji wa zamani tuliahidiwa nafasi ya kwanza kurudi, lakini familia ya watu wanane ingerudi wapi? Bila kibali cha kamati ya mtaa, ujenzi usingeanza. Mimi, Mkenya mwenye haraka zangu na shifti ya hospitali ikinisubiri, nilikuwa mkalimani siku kamati ilipokutana na mchoraji ramani wa kampuni, na nilitaka tupitishe tu twende zetu. Mama akasimama, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao Kongo: "Papa, mutu akikufa humu, watu ya kilio watakaa wapi?" Niliona haya kumtajia mchoraji ramani habari za kifo, nikasema mama anauliza kuhusu wageni. Mchoraji akatabasamu: chini kuna ukumbi, unajaza fomu wiki mbili kabla. Mama, ambaye Kiingereza alikielewa kuliko nilivyodhani, akanigeukia. "Sikusema wageni. Nimesema kilio. Mwambie vile nimesema." Nikamwambia, masikio yakiniwaka moto.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, mchoraji alialikwa kanisani. Mama alikuwa ameichora ile sebule ya kwenye ramani, pamoja na jiko lake, sakafuni kwa tepi ya wapaka rangi, kwa vipimo vyake halisi, na sasa akaanza kupanga viti. Kiti cha saba kiliangukia jikoni. Akamketisha mchoraji hapo hapo, magoti yakigusa jiko la tepi, na kina mama wengine wakabaki wamesimama nje ya mstari, wakimtazama. Hakuna aliyegomba. "Nitachora upya," mchoraji akasema. Kamati haikupitisha kitu mpaka alipoleta orofa tatu, vyumba vitatu vya kulala, na sebule ya kukaa watu.

Tulingoja majira mawili zaidi ya baridi, tukibanana kwa ndugu, na ndipo nilipoandika kwamba mama anatuchelewesha kwa sababu ya viti. Naomba radhi, tena mbele yenu nyote. Anayekuja kutujengea na atuulize kwanza tutalia wapi na kula wapi, nasi tusione haya kumjibu.

Jumamosi nilikwenda kilioni, nimechelewa kama kawaida yangu. Sebule ya mama, katika jengo jipya, ilikuwa imejaa. Karibu na dirisha alikaa mchoraji mwenyewe, soksi miguuni, sahani ya wali mapajani, macho mekundu. Binti mkubwa wa marehemu akaniona nimesimama mlangoni, natafuta pa kujibanza.

"Ingia, papa. Kiti iko."

Kilikuwepo, na kingine kitupu kando yake.