Gambuti Chini ya Meza

Kama kuna mtu ameshawaambia kwamba niliwahi kwenda intavyuu na gambuti zenye mavi ya ng'ombe, ni kweli, ila afadhali mnisikie mimi mwenyewe maana wale wa ofisini huongeza chumvi.

Yote yalianzia kwa fomu. Sacco ninakofanya kazi ya karani hapa Eldoret ilitaka mtu wa kushika funguo na kufungua ofisi saa moja kamili, na yeyote atakayepata angeandikwa kazi ya kudumu (mimi nilikuwa kibarua mwaka wa tatu, na mke wangu alikuwa amechoka kuambiwa angoje mwaka ujao), sasa nikaona nikisema natoka mashambani huko ndani ya Plateau watanikata, nikaandika naishi Pioneer, hapa karibu.

Sisi wa huko msimu wa mvua tuna utaratibu wetu. Unatoka nyumbani na gambuti, ukifika lami unaziacha kwa kibanda cha Mama Jeptoo na kuchukua viatu vya mjini ambavyo vimelala hapo. Asubuhi ya intavyuu jirani yangu, mwalimu mwenye gari, akanikuta nimetoka kukamua, akanipa lifti hadi mjini, na mimi vile nilikuwa nakariri majibu tukapita kibanda bila hata kukiona, nikakumbuka viatu nikishuka, maduka yote bado yamefungwa. Nikajiambia nitaingia kabla ya wakubwa, nifiche miguu chini ya meza, nisisimame mpaka waende.

Ilienda sawa mpaka mwenyekiti, mzee mfugaji wa Moiben, akasema, "Tuanze na maombi. Kijana, kuja hapa mbele utuongoze."

Nilienda wakiwa wameshafumba macho. Niliomba vile sijawahi kuomba kanisani, nikaombea mahindi, mifugo, barabara, wagonjwa wote wa wilaya nzima, kwa sababu nilijua nikisema amina macho yatafunguka. Na yalifunguka. Mzee akaangalia chini, akaangalia fomu, akaangalia chini tena.

"Huko Pioneer siku hizi mnachunga wapi?"

Nilisema ukweli wote nikiwa nimesimama hapo hapo.

"Mimi natoka Moiben kila siku," akasema polepole. "Kutoka mbali si makosa. Lakini nitakupatia aje ufunguo na umenidanganya mahali unalala?"

Nikaomba msamaha, nikatoka na gambuti zangu.

Kazi ilienda kwa kijana wa Pioneer, wa Pioneer kweli. Mimi bado ni kibarua. Nimeapa kwamba fomu yoyote ikiniuliza makao nitaandika mpaka jina la kijito, lakini asubuhi kiapo hakinifungulii mlango: nafika saa moja kasorobo, nakaa kwa ngazi, na saa moja na nusu ndipo kijana wa Pioneer anashuka kwa boda na funguo mkononi, ananiambia, "Pole bro, jam ya huku kwetu ni mbaya."