Kijiji Kisichocheka

Juzi, kwenye kaunta ya maktaba hapa Tabora, mama mmoja mkulima kutoka Ulyankulu alikuwa akirudisha riwaya ya maisha ya kijijini. Mzee aliyesimama nyuma yake akaitambua.

"Kitabu kizuri hicho. Kinaonyesha shida za vijijini zilivyo."

"Shikamoo, baba. Shida zipo, lakini humu ndani hakuna anayecheka, mwanzo hadi mwisho. Sisi hata msibani tunataniana."

Mzee akakichukua, akapekua kurasa taratibu, akakifunga.

"Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Basi andika wewe."

Mama akajifunga kanga vizuri, akatazama chini. "Nimeshaanza. Nimefika kwenye harusi."

Mimi niliyekuwa nikiwasikiliza pale kaunta nimesoma vitabu vingi vya vijiji vyetu. Hiki cha mama huyu ndicho cha kwanza kunikosesha subira kabla hakijaisha kuandikwa.