Sheria ya Kulala Chini

Siku ile maziwa yaliganda vizuri. Nakumbuka kwa sababu Bauma, mume wangu, alikuwa anajisifu tangu asubuhi. Alikuwa anatengeneza fromaji, jibini kama wengine wanavyosema, kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba yetu pale Kingi, kwa maziwa ya ng'ombe wa tajiri mmoja aliyekaa Goma. Kila fromaji ikitoka bila ufa, lazima aniite niache maharagwe yangu nije kuitazama kana kwamba mtoto amezaliwa. Nilikuja, nikatazama, nikamwambia iko muzuri, nikarudi kupembua. Sikuwa mtu wa kusifu sana, na yeye alijua.

Mchana akapita Musafiri, kaka yake mkubwa, kutuambia tuende kiwanja cha kanisa. Musafiri njo aliyemlea Bauma baada ya wazazi wao kufa. Alimsomesha, akatoa mbuzi za mahari yangu. Akisema twende, nyumba yetu ilikuwa inakwenda.

Kiwanjani tulimkuta ofisa wa jeshi. Vita vilikuwa vimefika vilima vya pili kutoka kwetu, na vijana wetu walikuwa wanalinda njia kwa mapanga na bunduki za kuokota. Ofisa alisema kuanzia sasa sheria inawatambua. Wataitwa wajitolea. Hakuna atakayepelekwa mbele bila kupata formasiyo, yaani mafunzo ya askari, na mafunzo hayo yatafanyika mbali na risasi, kule Itebero, kwenye msitu wa Walikale. Mshahara hakuna, kwa kuwa kujitolea ni kujitolea. Wakiwa mafunzoni watalishwa na serikali, wakiwa nyumbani watalishwa na raia. Mama mmoja akauliza raia ni nani. Ofisa akamjibu: ni wewe, mama. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na tangu hapo kila nyumba ya Kingi ikawa inatoa bakuli la maharagwe kila juma kwa ajili ya wajitolea. Serikali ilitoa sheria, sisi tukatoa maharagwe.

Musafiri alijiandikisha akiwa wa kwanza. Bauma akafuata, na wanaume wengine watatu wa Kingi. Hakuniuliza. Alirudi nyumbani akaosha ndoo zake za maziwa kwa uangalifu, akazipanga kichwa chini, nami nikaelewa.

Lakini kabla ya sheria ya karatasi tulikuwa na sheria nyingine. Munganga wa kilima chetu, yule mzee wa dawa, aliwapaka wote watano na kuwanyunyizia maji, akawapa miko. Mtu aliyepakwa dawa hali chakula kilichopikwa kwa moto wa kigeni. Anapikiwa na mwanamke mmoja aliyechaguliwa, na mwanamke huyo haonji chungu. Na risasi zikilia, mtu wa dawa hatazami nyuma wala halali chini. Anasimama, anakwenda mbele, na risasi inageuka maji. Akilala, ameikana dawa, na risasi itamtafuta palepale alipolala.

Mpishi aliyechaguliwa nilikuwa mimi. Ndiyo maana nilikwenda nao Itebero. Nilimwacha binti yetu Neema kwa mama yangu huko Masisi, nikabeba makaa ya moto wa Kingi ndani ya kopo la maziwa ya unga, yamefunikwa majivu. Tulipanda pikipiki hadi Nyabiondo, baadaye ikawa ni miguu tu. Msitu ule hauna huruma na mwanamke aliyebeba moto. Mvua ilinyesha, matope yalifika magotini, na kila tulipopumzika kazi yangu ilikuwa kupuliza lile kopo kama mgonjwa anayetaka kukata roho. Na kwa sababu sikuruhusiwa kuonja, siku nyingine maharagwe yalikuwa chumvi tupu, siku nyingine hayana chumvi kabisa. Walikula wote kimya. Bauma peke yake alinikonyeza.

Itebero tulikuta kiwanja cha udongo, vibanda vya majani, na ajida mmoja, yule askari wa kufundisha, mwembamba mwenye filimbi. Bunduki za kujifunzia zilikuwa mbao za kuchonga. Magunia ya serikali yalifika mara moja, hayakufika tena. Ajida mwenyewe alikuwa hajalipwa kwa muda mrefu, akalima karanga nyuma ya kibanda chake. Alikuwa hana dawa wala miko, basi nilimpa chakula changu, na alikula akinishukuru kwa heshima kubwa.

Somo lake la kwanza lilikuwa kulala chini. Alipiga filimbi, na wajitolea wote waliotoka sehemu nyingine wakajitupa kifudifudi. Wa kwetu watano walibaki wamesimama wima. Alipiga tena. Wakasimama tu. Ajida alikuja mbele ya Musafiri akamuuliza kama ana ugonjwa wa masikio.

"Mutu ya dawa hawezi lala chini," Musafiri akamwambia.

Ajida hakumpiga, hakutukana. Alivua shati. Kutoka bega hadi kiuno alikuwa na kovu pana. Alisema aliokota kovu hilo siku aliyochelewa kulala, na wenzake ambao hawakulala kabisa hawana kovu la kuonyesha. Kisha akavaa shati lake, akapuliza filimbi upya. Wa kwetu hawakulala.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na chungu changu. Nitasema wazi: dawa niliiheshimu. Nilibeba moto wake msitu mzima. Lakini nilipoona lile kovu sikutaka kitu kingine duniani isipokuwa mume wangu alale chini.

Kesho yake nilimfuata mtoni alipokwenda kuoga. Nilimwambia ukisikia risasi, lala. Alisema kaka ataona. Nikamwambia aone. Akasema mimi sielewi, mtu aliyekulea ukimwacha amesimama peke yake ni kama umemvua nguo mbele ya watu. Nikakasirika, nikamwambia maneno mabaya juu ya kaka yake, ambayo sitayarudia hapa. Nikamwambia Neema hahitaji baba jasiri, anahitaji baba.

Alijisugua miguu kwa mchanga.

"Sawa, Mama Neema," akasema. "Nitalala."

Na alilala. Asubuhi ile filimbi ilipolia, Bauma alikwenda chini mapema kuliko wote, tumbo juu ya udongo, shavu limegusa ardhi, viwiko vimekaa kama ajida alivyotaka. Ajida akawaambia wengine wamtazame. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Wale wengine watatu walibaki wamesimama pamoja na Musafiri. Jioni Musafiri alichukua sahani yake, akaenda kula upande mwingine wa moto, na tangu hapo hakula tena karibu na mdogo wake.

Mafunzo yalipaswa kuendelea. Hayakuendelea, kwa sababu chakula kilikwisha, na kwa sababu habari zilifika kwamba mstari wa mbele karibu na Masisi unavunjika. Amri ikaja watu warudi kama walivyo. Ajida alibisha. Alisema wengi hawajafyatua hata risasi moja ya kweli. Aliyeleta amri akasema watajifunzia huko. Wakapewa bunduki za kweli, tukashika njia.

Tulirudi kwa haraka, tukilala kidogo. Tulipopita Nyabiondo tulikutana na watu wanakimbia na magodoro vichwani. Walisema waasi wako mbele. Wengine walisema wako nyuma. Hakuna aliyejua.

Ilikuwa asubuhi, manyunyu yanaanguka. Njia ilipita katikati ya mihogo mirefu. Musafiri alikuwa mbele, Bauma nyuma yake, wale watatu, halafu mimi na kopo langu.

Ndege waliacha kulia.

Musafiri aliinua mkono.

Risasi zikaanza.

Nilianguka. Sikuamua, mwili uliamua wenyewe. Kopo lilimwagika, makaa yakazima kwenye matope mbele ya uso wangu.

Niliinua kichwa kidogo tu. Nilimtafuta Bauma.

Alikuwa amelala.

Mungu wangu, alikuwa amelala vizuri. Shavu chini, viwiko mahali pake, mashina ya mihogo yanakatika juu yake na yeye haguswi. Nilisema asante kwa sauti, nadhani.

Musafiri alikuwa amesimama katikati ya njia. Anafyatua, anaita maji, maji, anakwenda mbele hatua kwa hatua. Wale watatu walikuwa wamekimbilia mihogoni. Alikuwa peke yake.

Bauma alimtazama.

Niliona anamtazama. Nilimwita jina lake. Nililiita kwa nguvu zangu zote.

Akainuka. Alikimbia ameinama, akamfikia kaka yake kwa nyuma, akamshika, akamvuta.

Bauma akaanguka kifudifudi.

Musafiri hakugeuka. Aliendelea mbele mpaka risasi za upande ule zikanyamaza. Waliokuwa wanatupiga waliondoka, sijui kwa nini.

Nilipomfikia Bauma alikuwa tayari amekwenda. Nilikaa matopeni, kichwa chake kwenye mapaja yangu, nikiwa na hasira ambayo mpaka leo sijui niipeleke kwa nani. Musafiri alirudi. Hakuwa na hata mkwaruzo. Alisimama akamtazama mdogo wake, tumbo lake lilivyokuwa chini, akasema polepole, kama mtu anayeongea na nafsi yake, "Alilala."

Nikamfuta Bauma matope usoni.

Neno hilo njo lililofika Kingi kabla ya maiti. Bauma alivunja miko, Bauma alilala, risasi ikamtafuta chini. Wale watatu waliosema hivyo hawakuona kitu, walikuwa mihogoni. Munganga alikataa kumnyunyizia maji ya heshima. Tulimzika kama mtu aliyekufa kwa homa, watu wachache, sala fupi. Ofisini nako, nilipokwenda kuuliza kama sheria inasema lolote juu ya mjane wa mjitolea, niliambiwa msaada ni kwa familia za waliomaliza formasiyo. Nikauliza aliyeikata formasiyo ni nani. Kijana wa ofisi alisema sheria haisemi.

Miaka imepita. Vita vimekuja na kuondoka, vikarudi na majina mengine. Mimi niko Masisi, nauza maziwa na fromaji sokoni. Wakubwa wa ukoo walitaka Musafiri anirithi kama desturi inavyosema, nikakataa mbele yao wote, nao wakaniona mwanamke mwenye kiburi. Ni kweli, ninacho. Musafiri sasa ni mkubwa wa wajitolea wa kilima. Kila msimu wa mavuno huniletea maharagwe, anayaacha mlangoni, anasalimia, anaenda. Mimi sikumwambia kitu miaka hiyo yote. Nilijisemea mtu huyu alimlea Bauma, akamzika, nikimwambia kwamba mdogo wake alikufa akimvuta yeye, nitakuwa nimemzika na wa pili.

Kisha juzi Neema alirudi shuleni akilia. Ni msichana mkubwa sasa. Waligombana na wenzake, na mmoja akamwita mtoto wa mtu aliyelala. Akaniuliza kama ni kweli.

Nilifunga kitenge changu, nikapanda pikipiki hadi Kingi.

Nilimkuta Musafiri nyuma ya nyumba anarekebisha ua wa ndama. Alinipa kiti. Sikukaa. Nilimwambia nilikuwa pale, nyuma yao, na niliona kwa macho yangu. Bauma alilala, halafu akasimama. Alisimama kwa ajili yako wewe.

Aliendelea kukaza kamba ya ua mpaka fundo likamalizika.

"Najua," akasema. "Nilisikia mukono yake kwa koti yangu. Nilisikia anavuta. Kisha sikusikia tena."

Nikakaa kwenye kile kiti nilichokikataa. Nikamuuliza kama alijua, kwa nini aliacha watu wamwite ndugu yake mwoga, kwa nini alilitamka neno lile yeye wa kwanza. Alikuwa analia, lakini sauti yake haikutetemeka.

"Shemeji, hawa vijana hawana mushahara. Hawana formasiyo. Wako na dawa tu. Nikisema Bauma alikuwa na dawa, akasimama, na risasi ikamupata, kesho watasimama na nini?"

"Basi wasisimame," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. Upande wa pili wa ua vijana wake wawili walikuwa wanasubiri, bunduki mabegani, wakingoja aje awapeleke kwa munganga. Nilipoondoka alikuwa bado amekaa, na wao bado wanamsubiri. Sijui kama aliwapeleka. Sijasikia.

Niliporudi Masisi nilimkuta Neema mlangoni. Nilimweleza yote, jinsi njia ilivyokuwa, mihogo, baba yake mkubwa katikati ya njia, na baba yake akiinuka. Alifuta macho. Uso ulimbadilika, akakaa wima. Akasema kwa hiyo Papa alisimama, kesho atakwenda kuwaambia wote shuleni kwamba Papa alisimama.

Nikamshika mikono yote miwili. Nilimwambia awaambie akitaka, ni kweli. Lakini yeye mwenyewe ajue hivi: baba yake alijua kulala, alilala vizuri kuliko mwanaume yeyote niliyemwona kule, na angebaki chini, leo angekuwa anatuita kibandani tukatazame fromaji, na mimi ningemwambia iko muzuri sana.