Kibuyu cha Mongina

Kutoka Kericho tulipita kwenye mashamba ya chai hadi maporomoko ya Tenwek, Bomet. Hapo Mongina, Mkisii aliyekuja zamani kuchuma chai, huuza ugali na mursik, maziwa ya Wakipsigis ya kugandishwa kibuyuni. Siku hiyo alikuwa akimngoja Kogo Tapsubei, bibi aliyetafuta mursik ya harusi ya mjukuu wake.

Dereva wangu, Kipng'eno, alicheka. "Mama, Mkisii na mursik wapi na wapi? Tuuzie ndizi za kwenu Kisii tu."

"Ndizi utakula ukishalamba kikombe," Mongina akamjibu.

Kogo alipofika hakuonja. Aliomba kibuyu kitupu, akapitisha kidole ndani ya mdomo wa kibuyu, akakinusa. Kidole kilitoka cheusi kwa mkaa wa senetwet, mti unaoyapa maziwa hayo harufu yake.

"Nani alikufundisha?"

"Kogo, ni jirani yangu wa kambi ya wachuma chai. Nikisugua mkaa kidogo, alikuwa akinirudishia kibuyu nianze tena."

Ndipo Kogo akanywa kikombe cha mursik, polepole, mpaka mwisho.

"Ijumaa uniletee vibuyu ishirini."

Kipng'eno alisogeza kikombe chake kitupu mbele.

"Ndizi je?" Mongina akamuuliza, huku akimimina.