Barabara Iliyopindia Baraza la Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Tanga, nikapanda bodaboda kwenda Chumbageni. Tulipokaribia nyumba yetu ya zamani dereva alipinda kushoto ghafla, kisha akarudi kulia, kama anayekwepa kitu. Hapakuwa na kitu. Nikamuuliza kwa nini barabara imepinda pale. "Hata mimi sijui, mama," akasema. "Tumeikuta hivi hivi." Mimi ninajua, na ngoja nikusimulie, maana tunaojua tumebaki wachache.

Nilikuwa darasa la tatu, na nchi ilikuwa imekauka. Sukari kwa foleni, sabuni kwa kujuana, na ugali tulikula wa unga wa njano. Saruji ndiyo usiseme. Ukimwona mtu amebeba mfuko, unamsalimu kwa adabu. Ajabu ni kwamba katikati ya ukame huo ndipo watu wa ramani walipokumbuka kunyoosha mitaa. Akaja bwana ramani, kijana mwembamba mwenye kamba na kopo la rangi nyekundu, nadhani rangi pekee iliyokuwepo mjini. Akapima, akasema baraza la bibi limeingia barabarani hatua mbili. Akalichora alama ya X.

Baraza lile babu alilijenga kwa mawe na chokaa mwaka aliomwoa bibi, na lilikuwa limelainika kwa kukaliwa. Bibi alichambulia mchicha hapo, akapokelea wageni hapo, na babu alipofariki wanaume wa mtaa mzima walikaa matanga hapo. Kilichomtia bibi hofu kilikuwa kimoja tu. "Wakilivunja," alikuwa akituambia, "siku yangu watu watakaa wapi?"

Sasa, kwetu hakuna anayegonga nyundo kwenye nyumba yenye matanga. Hata fundi mwenye haraka huweka zana chini, akatoa pole, akakaa. Siku ya kubomoa ilipofika, mafundi walikuta jamvi limetandikwa na bibi amejitanda kanga, analia. Alikuwa anamlilia binamu yake wa Mwera. Binamu huyo ni kweli alifariki, ila ilikuwa kabla mimi sijazaliwa. Siku ikapangwa nyingine. Bibi akamlilia mke mwenza wa shangazi yake. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kununa. Jirani yetu, mama Mlutheri aliyetoka milimani, alileta sufuria ya maharage kila msiba, akilia machozi ya kweli kwa watu asiowajua. "Nyumba hii ina mikosi jamani," akasema.

Mara ya tatu marehemu wa zamani walikuwa wamekwisha. Kukaja habari kwamba mjomba wa bibi, wa Moa, anaumwa, na habari hiyo bibi akaimalizia mwenyewe. Safari hii bwana ramani alikuja kutoa pole, na sukari kidogo kaifunga kwenye gazeti. Akavua viatu, akapanda barazani, akainua mikono kuomba dua. Hapo ndipo tukasikia, "Hodi!"

Alikuwa mjomba wa Moa, na kapu la samaki wakavu mkononi. Jirani alidondosha sufuria. Mjomba akavua kofia, akaketi kwa heshima, akamnong'oneza bwana ramani, "Kafa nani, mwanangu?"

"Mjomba wake bibi, mzee. Wa Moa."

"Wa Moa ni miye."

Bwana ramani akashusha mikono polepole, akamtazama bibi. Bibi, machozi bado yako mashavuni, akasema, "Alhamdulillahi! Dua imepokewa."

Kijana yule alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akauliza, "Bibi, baraza tu hili, kwa nini hasa?" Bibi akamwambia yale yale aliyotuambia sisi, na mara hii machozi yalikuwa ya kweli. Bwana ramani akala samaki, akanywa chai iliyokolea sukari yake mwenyewe, na kesho yake akarudi na kamba, akaipindisha. Alisema kona moja haitaua mtu.

Halafu nchi ikafunguka. Saruji ikajaa madukani, rangi ukazichagua mwenyewe, na kila nyumba ya mtaa wetu ikageuza chumba cha mbele kuwa duka. Baraza lililowashinda watu wa ramani tulilivunja sisi wajukuu, ili wateja wapate pa kusimamisha magari. Mimi mwenyewe nilishika mtaimbo, tena nikicheka. Bibi alituangalia tu. Hakumfisha mtu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba kwetu sisi hakupigana.

Siku yake ilipofika walikuja watu wengi, wa Mwera na wa Moa, na hapakuwa na pa kukaa. Tulikodi turubai na viti vya plastiki, tukavipanga pale pale palipoachwa wazi kwenye kona. Jirani yetu, aliyekuwa amesharudi kwao milimani, alikuja na maharage yake, mzee sasa, haoni vizuri, anashikwa mkono. Akanivuta pembeni. "Mwanangu, safari hii ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Akalia kidogo, kisha akapapasa hewa kwa mkono wake, akitafuta pa kukaa.

"Na baraza liko wapi?" akaniuliza.